Mkoa Wetu Hauna Bahari

Mimi sisomi kitabu cha safari.
Nasoma zulia.

Jumatatu, jua halijagusa mabati ya karakana,
nafungua gari lenye namba nyekundu,
mlango wake umeandikwa kifua mbele
KWA KAZI ZA SERIKALI TU.
Nainua kiti cha nyuma
na gari linaanza kuungama.

Punje za wali wa kunata, zimekauka.
Unyoya wa jogoo, ncha yake ina damu:
uwanja wa mapambano ulifurika jana.
Risiti ya keki ya ubatizo.
Kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Na mchanga.

Mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya kombe.
Na mkoa wetu, jamani, hauna bahari.
Tuna Mto Magat na changarawe zake,
tuna vitunguu, tuna ukungu,
tuna milima inayoporomoka mvua ikizidi.
Bahari iko Baler, kona baada ya kona,
safari ya kutapisha watoto
(hayo nayo nimeyafuta, kwa sabuni ya umma).

Kitabu kinasema: *Jumamosi. Mhandisi Dumlao.
Ukaguzi wa daraja la Santa Ines.*
Daraja hilo naliona nikipanda juu ya tangi la maji.
Mita imesogea kilomita mia tatu themanini na nane.
Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Ya Dumlao ni ndefu, ina upepo wa chumvi,
na dizeli yake kainunua Bi Consorcia wa vitunguu
bila kuambiwa, bila kualikwa,
bila hata kuletewa samaki mmoja mkavu.

Mwaka huu, kwa mujibu wa kitabu,
daraja limekaguliwa mara arobaini na moja.
Sijui mke aliyetazamwa na mumewe kwa mapenzi hayo.
Ufa wake upo pale pale.
Nikipita na baiskeli nashuka, naupima:
vidole vinne sasa. Pasaka vilikuwa vitatu.

Pembeni limelala gari la wagonjwa.
Mgao wa mafuta ulikwisha tarehe kumi na nane.
Tarehe ishirini, usiku, Bi Leonora Pugong
aliteremshwa mlimani kwa machela ya mianzi,
wajukuu wanne wakipokezana mabega.
Nisidanganye ili shairi linoge:
alifika, akatibiwa, akapona.
Lakini Ambrocio, yule mdogo,
mpaka leo anatembea kaelemea upande mmoja
kama mtu anayesikiliza kitu ardhini.

Na mimi je?
Februari, sikukuu ya mtakatifu wa mama,
niliwasha gari hili hili.
*Majaribio ya breki, kilomita kumi na sita.*
Breki hazikuwa na neno.
Mama alikaa mbele kama gavana,
akashusha kioo chote, baridi ile,
majirani wapate kumwona.
Sijawahi kumwona na uso ule, kabla wala baadaye.

Mkaguzi kutoka Manila anakuja Alhamisi.
Atafungua kitabu, atajumlisha,
na jumla itakubali.
Jumla zetu zina adabu.

Nyuma ya makopo ya grisi nina chupa ya kahawa.
Tangu Machi nakinga humo ninachofagia.
Mchanga umefika shingoni.
Kuna siku naona naiweka mezani,
karibu na kikombe chake,
nasema, bwana, hiki ni kiambatisho,
na chini yake karatasi:
kilomita kumi na sita, mama yangu, sahihi yangu.

Kuna siku naona nafagia tu.

Leo ni Jumanne.
Dumlao kapita, kauliza kwa upole
kama nimekiona kiatu cha mwanawe.
Nimempa.
Kakipiga piga kwenye tairi kutoa vumbi,
na mchanga kidogo
ukaanguka baina yetu.
Sote wawili tukautazama.